Kichupa Namba Arobaini na Moja

Bibi Perpetua wa Farkwa hakukataa kutema,
alitaka tu kujua mate yake yatalala wapi.
"Kwenye friji, Bibi. Dodoma mjini, maabara."
"Na umeme ukikatika?"
Nikamwambia jenereta ipo.
Akacheka cheko la mtu aliyewahi kuuziwa jenereta.

Daftari la sampuli nilishika mimi:
namba, umri, kijiji cha baba, kijiji cha mama,
lugha ya bibi mzaa mama.
Ya Bibi niliijaza bila kuuliza,
kwa kuwa damu ile ninayo nusu:
Msandawe kwa mama, Mrangi kwa baba,
mtu wa maabara kwa ajira,
ulimi wangu haujui kualika.
Jina lake la nyumbani linaanza kwa mlio
wa kijiti kikavu kikivunjwa.
Kwenye fomu niliandika Perpetua, basi.

Mgeni wetu, Araksi, alitoka Armenia
kusoma vinasaba vya watu wa huku.
Tangu Chemba alikuwa akila zabibu za Hombolo,
kokwa anazitia mfukoni, haongei.
Kwao wanalima zabibu, alisema baadaye,
na mlima wao wanauona kila asubuhi
ng'ambo ya mpaka uliofungwa.
Nilitafsiri.
Bibi akauliza, "Hapo walihamia kutoka wapi?"

Swali la kwetu hilo.
Huku kila mtu ametoka mahali:
Warangi tuna safari yetu, Waburunge wana yao,
Wagogo wakikaa msibani kila ukoo una njia yake,
na Wabarbaig, waulize ng'ombe.

Araksi akafuta vidole kwenye suruali.
"Wageni waliandika zamani kwamba tulitoka magharibi.
Mifupa ya makaburini inabisha.
Inasema tulikuwa hapo hapo,
tukachanganyika na waliopita,
kisha kama watu waliofunga mlango
tukabaki na wetu, miaka elfu tatu."

Bibi akapiga goti kwa kiganja.
"Basi huyu ni mwenzangu! Sisi hatukutoka popote.
Waliotoka ni hawa," akanisonta kidevu,
mimi mjukuu wake, mbele ya mgeni.

Ndipo Araksi akaeleza, polepole, ili nisikosee:
mama wa bibi yake aliokotwa barabarani
mwaka walioswagwa kuelekea jangwani.
Miaka minne. Alijua jina la mbuzi wao.
La kijiji hakulijua.
"Sasa ninapima watu wa dunia nzima," alisema,
"na kompyuta inanipa bonde, inanipa asilimia.
Mbuzi tu ndiye mwenye jina."

Sikujua neno la kumpa Bibi kwa *asilimia*.
Nikasema: sehemu.
Hakuuliza sehemu gani.
Alivishika viganja vya mgeni, vitupu,
glavu zilishavuliwa kwa ajili ya zabibu,
akavitemea mate mara mbili,
kama alivyonitemea mimi utosini
asubuhi ya mtihani wa darasa la saba.
Kisha akadai kichupa chake, akakijaza mpaka alama,
na Araksi, macho yamelowa,
akakifunga kwa mikono ile ile.

Wiki ya tano jibu likaja.
Namba arobaini na moja: *imechafuka*.
Watu wawili ndani ya kichupa kimoja,
mmoja tele, wa pili kidogo kama chumvi,
mmoja wa Farkwa,
mwingine wa chini ya mlima usiofikika.
Utaratibu uko wazi, umebandikwa ukutani.

Nimeandika "imetupwa", tarehe, saini.
Kichupa kipo rafu ya chini,
nyuma ya pakiti za barafu.

Jana usiku umeme ulikatika, mji mzima.
Nilisimama gizani, mkono juu ya mlango wa friji,
nikiisikiliza jenereta ikikohoa uani,
ikakataa,
ikakohoa,
ikashika.