Kielelezo Namba Nne

Hati ya kiapo niliiandika kwa mkono,
kwa sababu mpiga chapa wa pale jirani na mahakama
alisimama katikati ya sentensi akaniuliza:
"Dada, si ile video ya Kiboriloni?"
Nikamlipa nusu, nikachukua karatasi yangu.

Ndiyo, ile.
Kamera ya halmashauri juu ya geti la soko,
iliyofungwa kuwanasa wezi wa mitumba,
ikamnasa Aminieli, kaka yangu, akifa
saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi, Julai,
mlima umejifunika,
mgambo watatu, marungu mawili.

Nani aliitoa ofisini hatujui.
Ijumaa ilikuwa Majengo, Jumapili ilikuwa Dodoma.
Nilimpeleka mwanangu kwa kinyozi,
simu inapokezanwa kama kibuyu cha mbege,
na kabla sijaiona niliisikia:
mae, mae,
sauti ile ile iliyokuwa ikidai uji jikoni.
Mteja mmoja akasema, rudisha nyuma kidogo.

Kwetu maiti haoshwi na kila mtu.
Mlango hufungwa, maji hupashwa moto,
shuka hushikwa kwa pembe.
Siku ya kuaga watu hupita mmoja mmoja:
unatazama uso, unasogea.
Ukisimama sana, shangazi anakugusa kiwiko.
Kwenye simu hakuna shangazi.

Basi nikaomba: Mheshimiwa, ifungeni.
Na wakili wa Serikali, tai nyekundu,
akainuka hata sijaketi vizuri:
hatuna pingamizi, Mheshimiwa,
ifungwe yote, kwa kila mtu, miaka hamsini,
kwa heshima ya marehemu.

Heshima.
Neno langu, nililotoka nalo nyumbani kwenye mkoba,
sasa liko mdomoni mwake na limenona.
Nikaona mimi na yeye tunavuta kamba upande mmoja,
na nyuma yetu mgambo watatu wanapangusa viatu.

Nikaomba kusema tena.
Sina Kiswahili cha mahakamani.
Nikasema, kihambani kwetu tunapanda masale mpakani.
Ni majani tu, mbuzi anapita.
Mtu naye anapita, ila anapiga hodi,
anataja jina lake na alichofuata.
Jaji apite.
Mwandishi apite, aandike alichokiona, asiuze picha.
Mama wa kijana mwingine,
atakayeambiwa mwanao alianguka mwenyewe,
apite, apewe na kiti.
Kinyozi abaki na mkasi wake.

Uamuzi, wakasema, mwezi wa tisa.

Mimi niliruhusiwa kuitazama mara moja.
Karani Mchome akafungua chumba cha masjala,
akawasha mashine, akageukia ukuta
akasoma kalenda ya mwaka jana mpaka Desemba.

Ile ya kwenye simu inaishia sekunde ya ishirini na sita.
Nilidhani kaka yangu naye aliishia hapo.
Kumbe ziko kumi na tano zaidi.
Ya thelathini, mama muuza parachichi anaingia toka kushoto,
anamsukuma mgambo kwa nyonga kama mlango mbovu,
anafungua khanga ya pili kiunoni,
anamfunika, miguu kwanza, halafu kifua.
Uso anauacha.
Anapiga magoti, anamwambia kitu;
honi ya lori inakimeza.

Hiyo hakuna aliyeirusha.

Jioni nikapanda Kibosho. Mama alikuwa anamenya ndizi.
Hakuuliza nani alipiga, wala mara ngapi.
"Alikuwa amevaa sweta?"
Alivaa, mae. Ile ya bluu.
Akamenya ya tatu, ya nne.
"Siku ile kulikuwa na baridi."
Alifunikwa, nikamwambia.
Akaweka kisu chini.