Kidole Hadi Kiungo cha Pili

Nyamizi alipohamishiwa hospitali ya Kigoma
aliniachia funguo mbili, deni la mkaa,
na mtambazi ndani ya kopo la maziwa ya unga.
"Mnyweshe ukikumbuka," alisema mlangoni mwa behewa.

Nikakumbuka kila siku.
Asubuhi kabla ya chai, usiku kabla ya taarifa ya habari,
kikombe juu ya kikombe, nikijisifu:
haba na haba hujaza kibaba.
Kibaba kikajaa.
Majani yakageuka manjano, yakadondoka bila upepo,
na kopo likaanza kunuka kinamasi.

Akipiga simu huuliza, "Amekunywa?"
Mimi bado sijala; hilo haliulizwi.
Nikasema: amekunywa. Ameshiba. Amevimbiwa.
Kimya. Nikasikia ziwa, au ni feni ya wodini.
"Toboa kopo chini, Mihayo. Kwa msumari.
Halafu chomeka kidole hadi kiungo cha pili.
Kikitoka na tope, mwache.
Kikitoka kikavu, mpe."

Miaka thelathini nimepanga madaraja ya tumbaku hapa Tabora.
Jani nalijua gizani, kwa kulipapasa,
lakini jani lililokufa.
Hili lililo hai hunibabaisha:
leo limeviringwa kama tiketi,
kesho limefunguka, linang'aa, halina habari nami.

Agosti, Isevya yote ni vumbi.
Vumbi kwenye redio, kwenye sukari, kwenye kope.
Nikajifunza kuyafuta majani kwa kitambaa kibichi,
moja moja, kiganja kikiwa chini yake,
kama kinyozi anavyomshika mtu kidevu.
Shija fundi baiskeli akachungulia:
"Mzee, unamwogesha nani?"
Nikafunga pazia.
Kisha nikalifungua, maana anataka mwanga,
wa pembeni, si jua la usoni.

Sasa amepita juu ya kalenda ya mwaka juzi,
amezunguka msumari wa kofia yangu,
kila kifundo na ndevu zake,
zinapapasa chokaa kama mtu anayetafuta swichi.
Nilimfungia uzi aende kulia. Akaukataa.
Ameshika magharibi, reli inakoelekea.
Sisemi kitu. Dirisha liko huko.

Mwezi uliopita nilikata kipande chini ya kifundo,
nikakisimamisha kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Siku ya kumi na moja, uzi mweupe.
Nikauzungushia gazeti lililolowa,
nikampa Kalunde, mhudumu wa daraja la pili:
"Usimnyweshe njiani, hata akikutazama."

Jana simu ikaita.
"Amefika. Ana jani jipya, bado limekunjwa."
Kisha kimya kile kile, na feni, au ziwa.
"Na wewe, umekula?"

Kidole changu kilikuwa koponi. Kikavu.
Nikasema, subiri kwanza,
huyu ana kiu.