Kondo la Mbele

Mkunga Eilidh alinipaka jeli baridi tumboni,
akasogeza chombo, akanyamaza, akasema:
kondo lako liko mbele.
Nikacheka. Akadhani sijaelewa,
akanichorea mgongoni mwa bahasha
tumbo, mtoto, na kati yetu mkate mnene.
Ningemwelezaje, kwa Kiingereza changu cha kufulia mashuka,
kwamba kwetu kitu hicho jina lake ni la nyuma,
kondo la nyuma, tangu bibi wa bibi,
na sasa mimi, ghorofa ya nne, Dundee,
nimeibeba nyuma yangu mbele?

Mama kwenye simu, kutoka Muheza:
"Nyuma haiwi mbele. Kamuulize tena."

Wiki ya ishirini na mbili.
Priska wa zamu ya mchana, mimba yake ndogo kwa yangu siku tisa,
anajishika kiuno kati ya mashine za kufulia:
huyu ana mpira, huyu!
Mimi nashika langu. Kimya,
kama mpangaji aliyehama usiku
bila kurudisha ufunguo.

Anacheza, alisema Eilidh,
ila anapiga teke godoro.
Nikarudi nyumbani na neno hilo,
nikalilalia.

Nilijifunza kusikiliza pembeni:
ubavu wa kushoto, chini kabisa juu ya kibofu,
pale kondo linapoishia.
Teke moja, saa tisa usiku, baada ya maji ya barafu.
Nikamwamsha Hemedi. Akaweka kiganja,
akangoja hadi kiganja kikalala,
kisha yeye.

Wiki ya ishirini na tisa, siku nzima hakuna.
Basi la mwisho la kupanda kilima, mvua ikija kwa ubavu,
dereva alinitazama tumbo, akakataa nauli.
Kitandani, kipimo kikatafuta
kikapata upepo: fuu, fuu.
Nikalia kwa furaha.
Huyo ni wewe, akasema mkunga wa usiku.
Damu yako, inapita kondoni. Tungoje.
Nikajisikiliza mwenyewe mpaka nikajichoka.
Kisha, mbali, nyuma ya mimi wote,
cherehani
ya fundi anayewahi Idi.

Alikuja uso juu, uti wake ukisaga wangu.
Saa kumi na tisa. Uchungu wote ulikaa kiunoni,
mbele hakukuwa na habari.
Hemedi alinikandamiza mgongo kwa ngumi mbili
kama anayesukuma gari lililozama tope,
akasoma alichokumbuka, akarudia alichosahau.

Somoe akatoka macho wazi,
amekunja ndita kama aliyegonga sana mlango.
Na dakika kumi na nane baadaye, polepole,
likaja nalo.
Nyuma.
Nikasema: mpigie Mama,
mwambie alikuwa sahihi.

Eilidh aliligeuza kwenye beseni, nikaomba kuona.
Upande wangu ulikuwa umechunika, mwekundu, wa buchani.
Upande wake ulikuwa laini, unang'aa,
mishipa imetandazwa juu yake
kama mtu aliyemtandikia mgeni.
Sikujua la kusema. Nilikuwa nimelisema vibaya miezi mitano.

Kulikuwa na fomu: tulitupe, au mtaondoka nalo?
Hemedi akanitazama. Hatuna hata chungu cha maua.
Tukaondoka nalo.
Ndoo nyeupe, kifuniko, mfuko wa duka juu yake,
yeye kaipakata ndoo, mimi nimempakata Somoe,
na mwanamke mmoja ndani ya basi akauliza
kama tumetoka kununua samaki.

Jirani Isobel ana kipande chake cha viazi nyuma ya reli.
Hakuuliza mengi. Alitoa uma wa bustani,
akasema, Januari ardhi hii ni chuma.
Hemedi alichimba hadi miwani ikaganda ukungu.
Kitovu changu kiko Muheza, chini ya jiwe la kufulia.
Kilicho chake kiko hapa,
mstari wa tatu kutoka kwenye uzio,
na Isobel amechomeka kijiti
asije akapanda.