Kupima ni Kumaliza

Umeme wa Arua umekatika tangu alasiri
na mimi, chumbani kwangu hapa Oli,
nachoma chaji ya mtu makusudi.

Pakiti ni ya Sista Driciru, ya taa ya wodi ya wazazi.
Ameileta kikapuni, imefunikwa kitambaa kama mandazi.
"Haifiki usiku wa manane," alisema. "Nitazamie."

Seli tatu bega kwa bega, ngozi ya buluu,
lebo inadai elfu mbili mia sita.
Mimi lebo nimezisoma.
Iko moja ya sokoni iliyojiandika elfu tisa mia tisa;
mkononi nyepesi kama karanga mbovu,
kwenye balbu ikatoa mia saba, ikaomba radhi.

Basi, taratibu.
Mchana niliijaza kwa jua la paneli
mpaka volti kumi na mbili na nusu, nikaiacha ipoe.
Ndoo karibu na mguu: mchanga, si maji.
Mlango wazi. Godoro mbali.
Kisha nikafunga kwenye waya zake
balbu ya bodaboda isiyo na kioo,
na ukuta ukarudi mahali pake.

Ezati alikuja na kitabu kabla sijamwita.
"Mama, hii taa ni ya mtihani?"
Ya mtihani.
"Hata mimi nina mtihani."
Akalala kifudifudi, ukurasa wa thelathini na moja.

Hajati Zamzam akachungulia dirishani:
mtaa mzima giza, kwako kunawaka,
na nikiomba chaji ya simu waniambia huna!
Sina, Hajati. Hii si ya kutumia. Hii ni ya kumwaga.
Akaenda zake, akiniombea akili.

Kila dakika kumi, mita. Kila dakika kumi, daftari.
Kumi na mbili kasoro.
Kumi na moja nukta tano. Nukta nne. Nukta nne.
Hapo katikati betri hutembea kama ng'ombe aliyeshiba,
huwezi kujua kama anateremka.
Ndiyo maana naziuliza moja moja:
ya kwanza, tatu nukta sita,
ya tatu, tatu nukta sita,
ya kati, tatu nukta mbili,
na wenzake hawana habari.

Naigusa. Vuguvugu. Naigusa tena.
Dakika ya tisini na sita ikafika tatu kamili,
na chini ya tatu ni kumzika anayepumua.
Nikachomoa waya.

"Mama! Bado aya moja!"

Nikapiga hesabu kwa mwanga wa simu:
elfu moja mia mbili themanini. Nusu ya lebo, tena kwa kubembeleza.
Ezati akasema, na arobaini na nne, uandike.
Nikaandika pia: kurasa kumi na tatu na kitu.

Robo saa baadaye nikaipima tena ile ya kati.
Tatu nukta nne!
Imepanda, uso mkavu, kana kwamba si yeye.
Seli iliyochoka ndivyo ilivyo: itue mzigo
ikuonyeshe afya.
Juzi dada yangu alipiga kutoka Koboko,
nikamwambia niko salama, hamna neno.
Nilikuwa nimekaa.

Kesho Sista atauliza kama inafaa.
Ningeweza kumwekea mita hapo hapo, bila balbu,
aone namba nzuri, alipe, ashukuru,
halafu saa sita za usiku, mama mmoja amelala kitandani,
na mikono ya Sista inatafuta.

Nimebandika utepe mwekundu kwenye ya kati.
Ndani ya kopo la biskuti nina seli za kompyuta iliyokufa;
nitatafuta rika la hizi mbili,
maana mpya ukiifunga na wazee
wote watateseka.

Ezati hajalala.
"Mama, hiyo mbovu
imebakiza kurasa ngapi?"