Landrova ya Kwenda Sokoni

Saa kumi na mbili kasoro robo, Maweni,
nafungua boneti kabla sijafungua kinywa.
Maji kwanza. Kisha kijiti cha kupimia oili:
nakifuta kwa kanga iliyofutika jina,
nakichovya, nakitazama kama kipimo cha homa.
Chini kidogo ya alama. Kama jana. Kama juzi.
Naongeza nusu kikombe, bismillahi, navuta choki,
na mtaa mzima unajua mwalimu wa hesabu ameamka.

Baba alilinunua kwenye mnada wa serikali,
kijivu, mlango mmoja kijani,
akapimia nalo mashamba kutoka Ganda hadi Marafa.
Wakati huo halikuitwa gari la kale. Liliitwa gari.
"Bodi yake haishiki kutu," akijisifu.
Habari ya chesisi hakuitaja.
Chesisi ni chuma, na chumvi ya Malindi haina haya:
nimeichomelea viraka vitatu,
cha nne kinasubiri mshahara.

Lilizaliwa kwa ajili ya matope na mito.
Mimi nalipeleka shuleni, benki, kwa daktari wa meno,
nalipa matuta na bodaboda za mbele ya soko.
Gia ya pili haiingii mpaka uiombe mara mbili:
kanyaga, achia, kanyaga tena, ndipo.
Usukani unazunguka vidole vinne
kabla magurudumu hayajapata habari.

Mvua ikinyesha, hunyesha na ndani.
Swabra anajua kiti kikavu ni kipi.
Anajua pia kuniambia, "Mama, niache hapa kwenye kona,"
hatua mia kabla ya lango,
wenzake wasimwone akifungua mlango kwa bega.
Namwacha kwenye kona. Sisemi kitu.
Lakini kelele zake hazijui kona.

Na lina tabia ya kuacha doa.
Popote ninapoliegesha: tone, tone,
duara jeusi la ukubwa wa kisahani.
Nzaro, mlinzi wa supamaketi, huniwekea katoni
kabla sijazima moto.
Wifi yangu hana haja ya kuniuliza,
anatembea akitazama chini:
"Juzi ulikwenda kwa Mishi, wala hukunipitia."

Mwezi wa Shaabani akaja bwana mmoja mwenye hoteli,
akalizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole,
akataja bei:
bei ya Probox, na ikabaki ada ya mwaka.
Nikamuuliza, utaliendesha?
Akacheka. Litakaa kwenye nyasi, mbele ya lango,
maua yapandwe ndani ya boneti, wageni wapige picha.
"Oili yote nitaimwaga," akasema, "lisichafue."

Nikaomba wiki moja.
Wiki hiyo hiyo, sijui lilisikia,
Jumatatu betri, Jumatano paipu ya rejeta,
Alhamisi tukalisukuma, mimi na wauza mahamri wawili,
nikalitukana matusi ambayo mwalimu hayajui.
Fundi Ngumbao akapangusa mikono:
"Uza, mwalimu. Mimi nitakosa kazi, lakini uza."

Ijumaa nilikwenda hospitali kumtazama jirani aliyejifungua.
Nikaegesha pale pa siku zote, ubavuni mwa maabara,
nikashuka, nikaangalia sakafu.
Doa lipo. Limekauka, limepauka,
pana kuliko yote mjini.
Hapo ni usiku kumi na tisa, baba akiwa wodini,
nami nimelala kiti cha mbele, miguu dirishani,
tone, tone, chini yangu,
likihesabu badala yangu.
Miaka sita wanapiga deki. Halijatoka.

Sikusema ni ishara. Mimi ni mtu wa hesabu,
na hesabu ilisema Probox.
Jumamosi nikampigia bwana yule, nikamwambia la.
Hakuuliza sababu. Afadhali,
sikuwa na ya kumpa.

Jioni uwanja wa shule ulikuwa mtupu.
Nikamkalisha Swabra kwenye usukani, mto nyuma ya mgongo.
Kanyaga. Achia. Kanyaga tena.
Likakohoa, likaruka, likazima.
"Tena," akasema, hata sijamwambia.