Alele

Tuliipata ndani ya mto wa usufi, Ngamiani,
siku tulipopasua matandiko ya shangazi Mwanasiti kuyaanika.
Karatasi moja, hati za Kiarabu, wino umegeuka chai ya rangi.
Imetoka Tongoni. Mwaka umeliwa na mende.

Nikaisoma kwa kidole, kama chuoni:
salamu sana, na baada ya salamu, mwana
kisha neno. Alifu, lamu, lamu,
kasra mbili zimening'inia chini.

"Alili," akasema mjomba Shekuwe. "Mtoto mgonjwa. Wazi."
Lakini alili ya ugonjwa huanza na aini,
na mwandishi huyu aini anazijua: kaandika saba,
kila moja imeachama kama kinda.

Kasra ni kijakazi wa mabibi wawili: leo i, kesho e.
Nikambadilisha bibi. Alele.
"Kosa," mjomba akasema. "Alitaka amelala, karatasi ikambana."
Karatasi ina nafasi ya kulaza ng'ombe.

Nikalala nalo neno.
Alfajiri, ng'ambo ya ua, Ambakisye karudi zamu ya usiku Bombo,
viatu mkononi, simu begani, anamwamkia mamaye Tukuyu:
"Ugonile, mama?"
Nikasimama, mswaki mdomoni.
Gona ni nini? "Kulala."
Na hiyo ile? Akafikiri, mtu mwenye usingizi wake mwenyewe.
"Ile ni kwamba ulishalala. Au bado umo."

Bado umo.

Nikarudi mezani. Lala, mtie ile mkiani,
iache ipenye, ilainike: lele.
Simama, simeme. Kaa, aliyekuwa kala, kele.
Kumbe nasi wa pwani tulikuwa nayo,
tukaivua siku gani, tukaitundika wapi,
na Tukuyu wanaamkiana nayo kila kukicha
wala hawaioni kuwa ni ya kale.

Amelala ana mlango: kaingia, atatoka.
Alele sikumwonea mlango.

Nikampelekea mjomba, nimejaa ushindi. Akanyamaza.
Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho,
ule tuliouruka sote tukidhani ni hesabu za duka:

Niletee bafta dhiraa mbili, zatosha.
Na ubani.
Punda usimpige, haraka hapana.