Chokaa na Mafuta ya Taa

Nilinunua mashine ya waya kwa fundi wa mabodi kule Jomvu,
na mtungi wa gesi unaonifika kifuani.
Nikapiga hesabu: waya haukatiki, mkono haupumziki,
mwezi mmoja tu chombo kitakuwa majini.
Mita kumi na moja, bati la milimita tano,
cha kupelekea meli maji ya kunywa.

Fundi Mwachiro hakusema kitu.
Alichukua kipande changu, mshono unang'aa kama mkufu,
akakibana kwenye jiliwa, akakipiga nyundo mara mbili.
Kikafunguka.
Ndani, vitundu: mkate wa kumimina mtupu.
"Upepo wa Mbaraki umekula gesi yako," akasema.
"Wewe umechomelea hewa."

Nikarudi kwenye rodi.
Rodi nazo zina madeko. Unyevu wa hapa huzifuata hadi pakitini,
na iliyolowa huacha ufa mwembamba kama unywele,
unaojitokeza keshoye, kazi imeshasifiwa.
Basi kila alfajiri nazipeleka kwa Bi Mwanashehe, Ganjoni:
mikate ikitoka tanuni, rodi zinaingia.
Siku moja aliniuliza kama zinaliwa na chai.

Wiki ya kwanza nilichomelea chuma kimelala.
Ya tatu, kimesimama: unapanda kutoka chini,
unatulia pembeni, unavuka kati, unatulia tena.
Ya juu ya kichwa sitaki kuisimulia.
Cheche ziliingia kolani zikatokea kwenye soksi.
Nilifunua uso kabla moto haujazima,
usiku macho yakajaa mchanga.
Dada yangu Mishi akanifunga vipande vya viazi,
akisema karani wa bandari halali hivi.

Moto una wivu. Ukiushindisha upande mmoja
bati linanuna, linajikunja, mkuku unapinda.
Kwa hiyo shibiri moja kulia, shibiri moja kushoto,
ruka, rudi omo, nenda tezi,
kama agawaye futari nyumba mbili.
Na masikio kazini: sauti njema
ni ya sambusa kwenye mafuta yaliyoiva;
ikianza kutema mate, nimeinua mno.
Kisha nyundo, kigaga kibanduke,
brashi,
tena.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Baharini ukuta hujengi.

Jana tulipaka chokaa nje, mishono yote, ikakauka.
Ndani tukapitisha mafuta ya taa kwa kitambaa.
Mafuta hayana adabu, hayabishi hodi.
Tukakaa juu ya madebe. Mwachiro alikula embe bichi kwa pilipili.
Saa nzima, nyeupe.
Ya pili, nyeupe.
Halafu karibu na tezi, taruma la nne,
doa, dogo kama chozi lenye wanja.

Napakumbuka hapo. Ilikuwa Ijumaa, adhana imekaribia,
rodi imebaki kipande,
nikaona uchungu kuitupa.

Fundi akanisogezea grenda,
akaenda kunawa mikono.